Mkwe na mtumbwi wa njano

Bega langu la kulia lilikataa kazi kabla yangu. Daktari wa Dodoma mjini alilizungusha, akalisikiliza linavyolalamika, akaniambia kafi basi. Mtu wa miaka arobaini na kitu kusema amestaafu kunachekesha, na jirani zangu hapa Msalato wamecheka vya kutosha, lakini sina neno lingine. Ninaandika haya kwa ajili yenu mliobaki mtoni, mnaowapokea wageni asubuhi pale kivukoni na kuwafikisha bwawani mchana wakiwa hai na wamefurahi. Kwa mpangilio huohuo: hai kwanza.

Habari za vyeo sitaeleza, kwa sababu mnajua hakuna cheo. Kuna anayekaa nyuma ya mtumbwi na kuna anayekaa mbele.

Nilifika mtoni kwa kuzurura. Nimezaliwa Kondoa, milimani, ambako maji yenye kina kirefu kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye pipa la bibi. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa utingo wa lori la mahindi, nikauza mitumba Singida, nikalinda ghala Manyoni, nikafyatua matofali Iringa. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kuzoea, kisha nikaondoka. Siku moja lori liliharibika Mtera. Wenzangu walikula samaki, lori likapona, wakapanda. Mimi nikabaki. Nadhani nilipenda kuona kitu kinachoondoka kila siku na bado kipo palepale.

Ruaha Mkuu pale kivukoni, mvua zikishaisha, ni mpana na mpole. Upande huu Wagogo, upande ule Wahehe. Misafara ya zamani ilivuka hapo na pembe za ndovu, na chumvi, na watu waliofungwa shingoni. Baadaye walivuka askari wa Wajerumani, baadaye wafugaji, baadaye wauza vitunguu. Kutoka hapo mto unateremka taratibu kati ya mchanga na matete mpaka unapopotea ndani ya bwawa, penye miti mikavu iliyokufa imesimama majini. Wageni wanapenda sana historia hiyo. Wasimulieni, lakini wakiwa bado nchi kavu. Mgeni anayesikiliza historia hapigi kafi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Sechelela. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye mikono kama ya fundi seremala, na alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi wa gogo na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshaingia kwenye mtumbwi wake na kukaa, yeye akiwa bado ukingoni anafunga kanga kiunoni. Alipogeuka kuniangalia, nikakumbuka adabu. Nikasimama.

"Shikamoo, Mama."

Marahaba yake niliisikia nikiwa chini ya maji.

Nilipotoka, natema tope, yeye alikuwa amekaa kwenye mchanga anacheka mpaka anafuta machozi. "Wewe Mrangi," akasema, "kwenu mlimani mnaamkiana mkiwa wapi?"

"Nchi kavu, Mama."

"Basi sikia. Majini shikamoo inatolewa kwa kukaa. Hata nikiwa mimi. Hata akipita mkuu wa mkoa. Mwenye kusimama ananiheshimu mimi, lakini anautukana mtumbwi."

Ndiyo kanuni ya kwanza niliyojifunza, na ndiyo ya kwanza ninayowasihi muitaje kila asubuhi. Msidhani ni jambo dogo. Wageni wetu wengi ni watu wa huku kwetu, waliolelewa kumsimamia mkubwa na kupiga goti. Mtu wa namna hiyo akimwona mzee ukingoni, miguu yake inasimama kabla kichwa hakijapata taarifa. Kijana mkorofi hana shida mtoni. Binti aliyelelewa vizuri ndiye hatari.

Mengine ya Mama Sechelela ni haya. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi unapokaribia kona, ili viboko wajue unakuja. Kiboko anachukia kushtukizwa kuliko anavyochukia watu. Pita penye maji mafupi, kwa sababu yeye akishtuka anakimbilia kwenye kina, na hutaki kuwa njiani. Usitie mkono majini hata kama joto limekuzidi. Na la mwisho: ng'ombe wakishuka kunywa maji mchana, wewe uwe umeshavuka mdomo wa bwawa, kwa sababu baada ya ng'ombe unakuja upepo. Sijui upepo na ng'ombe walipatana lini, lakini hawajawahi kukosana.

Serikali ilipohamia Dodoma, ofisi zikajaa watu waliokuwa hawajui waende wapi siku ya Jumamosi. Ndipo bosi wetu alipoleta ile mitumbwi ya plastiki ya watu wawili wawili, na majaketi ya kuelea, na bango lililosema safari ni ya wanaoanza. Mto hauna habari kwamba wewe unaanza, lakini bango lilivutia watu. Mama Sechelela aliigonga mitumbwi ile kwa kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. "Haitaoza," akasema. Kwake hiyo haikuwa sifa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Makafi ya plastiki yanapendeza na yanavunjika. Makafi aliyotuchongea seremala wa Chipogolo ni mazito na bado yapo. Kopo la kuchotea maji likateni kwenye dumu la mafuta ya kupikia, na mlifunge kwa kamba, maana kopo lisilofungwa huondoka siku unayolihitaji. Jaketi likazeni wenyewe kifuani mwa mgeni. Akisema linambana, mwambieni asante.

Kazi ngumu kuliko zote si viboko. Ni kupanga nani akae na nani. Anayekaa nyuma ndiye anayeongoza, na mara nyingi ni mzito zaidi. Anayekaa mbele anaona visiki na kupiga kelele kushoto, kulia. Utaratibu mzuri kabisa, mpaka utakapomweka mkurugenzi nyuma na karani wake mbele. Nimewahi kuona karani akiingia kwenye matete kifua mbele, kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia yule bwana kwamba anakwenda siko. Walipotoka, majani kichwani, mkurugenzi akauliza, "Hukuyaona?" Karani akajibu, "Niliyaona, mheshimiwa."

Lakini mnayoniuliza kila mara ni habari ya mtumbwi wa njano, kwa nini sikutaka uuzwe. Basi nitaieleza mara moja, msiniulize tena.

Asubuhi hiyo walikuja wageni watatu tu. Tabitha, mama mtu mzima kidogo wa thelathini na kitu, anafanya kazi ofisini mjini. Mumewe Yona, mtu wa Mpwapwa, mrefu, mpole, mwalimu. Na mama mzazi wa Tabitha, aliyetoka Buigiri na basi la alfajiri, amevaa raba za mjukuu na kanga mbili. Yona alisimama upande mmoja wa gari, mama mkwe upande wa pili, gari likiwa katikati kama ukuta. Mama alipozunguka kuchukua mfuko wake, Yona naye akazunguka, hivyo gari likabaki katikati yao wakati wote.

Mimi ni Mrangi, kwetu mkwe anaheshimiwa pia, lakini Wagogo wa zamani wametuzidi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai karibu, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno linapitia kwa mtu. Hawa walikuwa wanaishika mila hiyo yote, bila kukosa hata kipande.

Nilipokuwa nalikaza jaketi la Tabitha aliniambia kwa sauti ndogo, kwa jina nililojulikana nalo pale mtoni, "Kaka Kondoa, leo ni siku yangu ngumu. Mume wangu amehamishiwa Kigoma. Anataka twende wote, mimi na mtoto. Mama hana mwingine ila mimi. Leo ndiyo anatakiwa aseme anaturuhusu au haturuhusu."

"Na akikataa?"

"Sitaweza kwenda. Na sitaweza kubaki." Akaangalia mto. "Alizaliwa huku, kabla ya bwawa. Tukasema tumlete aone kwao, labda moyo utalainika."

"Wamelizungumza?"

"Wao wawili? Watazungumzaje? Mimi ndiye posta yao." Akacheka kidogo. "Na posta yenyewe inafungua barua. Mama anajua ni mpango tu, labda mwakani. Sijamwambia kwamba ni mwezi ujao. Na Yona nimemwambia Mama hana neno, anafikiria tu."

Nikawapanga: mama na binti kwenye mtumbwi wa njano, Yona na mimi kwenye wa kijani. Hakuna aliyekwazika. Nikatoa maelezo yote, pamoja na ile ya shikamoo ya kukaa. Mama akanitazama. "Hilo ninalijua tangu sijaota meno," akasema.

Mto ulikuwa mzuri. Mama hakuwa ameshika kafi tangu usichana, lakini mikono ilikumbuka; baada ya kona mbili alikuwa akipiga kama mtu anayetwanga, bila kelele na bila kupoteza maji. Tabitha alikuwa nyuma yake anajaribu kuongoza. Tulikawia kwenye kona ya viboko, tukigonga ubavu na kusubiri mpaka familia nzima ya masikio ihamie kwenye kina. Kwa hiyo tulipofika kwenye mchanga wa chini, ng'ombe walikuwa wameshashuka kunywa. Niliona, na sikupenda.

Nyuma ya ng'ombe alisimama mzee mmoja mwenye fimbo na shuka nyekundu. Tabitha akamwona. Akasimama, akakunja goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee, akiuambia mtumbwi uliopinduka.

Maji hapo yalikuwa ya magotini, na mahali wanaponywea ng'ombe wengi mamba hujisogeza mbali kidogo, lakini kidogo si mbali. Niliwatoa wote wawili haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Mama alikuwa amelowa, amekasirika na ni mzima. Tabitha aliangukia mkono. Kiganja kilianza kuvimba mbele ya macho yetu.

"Umemwamkia nani?" mama akamuuliza. "Unamjua yule?"

"Simjui, Mama."

"Angalau angekuwa mjomba wako."

Yule mzee wa ng'ombe akaona ni vyema atupe moyo. "Binti amelelewa," akasema, kisha akaanza kuwapigia ng'ombe wake mluzi.

Sasa hesabu ikabadilika, na ninaieleza ili muelewe kwamba sikuwa na njia nyingine. Kutoka pale hakuna barabara. Ukingo wote ni matope mpaka bwawani. Mbele yetu kulikuwa na mdomo wa bwawa, na upepo ulikuwa umeshaanza kuchezea majani. Tabitha hawezi kushika kafi. Kwanza nikajaribu njia ya heshima: nikamweka Tabitha na mumewe, Yona apige peke yake, mama akae na mimi. Yona akapiga kafi kwa nguvu zake zote za ualimu, na mtumbwi wa njano ukazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Ukazunguka tena upande wa pili. Pale palikuwa maji tulivu. Bwawani wangezama.

Anayeweza kumbeba mgonjwa peke yake ni mimi. Wanaobaki ni wawili.

"Mama," nikasema, "itabidi ukae na mkwe."

"Nitatembea kwa miguu."

"Kuna matope, Mama. Na mamba."

"Mamba nimekua naye. Huyo sijakua naye."

Yona alikuwa amegeukia ng'ombe, anawatazama kama anayetaka kununua.

"Mama," akasema Tabitha, ameukumbatia mkono wake, "nimelowa, naumwa, na nina mtoto nyumbani. Tafadhali."

Mama akakamua ncha ya kanga, akaifunga kichwani, akaivuta hadi mashavuni kama farasi anayefungwa macho asishtuke. "Mimi mbele," akasema. "Sitamwona."

Hivyo ndivyo ningewapanga hata mimi. Mama mbele, Yona nyuma, mgongo wa mama kwake. Adabu ilitosha kabisa, isipokuwa jambo moja, na mnalijua: wa mbele ndiye anayeona visiki, na wa nyuma ndiye anayegeuza. Lazima wasemezane.

Mwanzoni nilikuwa ubavuni kwao, nikawa posta badala ya Tabitha.

"Baba, mwambie huyo wa nyuma avute kulia."

"Yona, vuta kulia."

"Mwambie nimevuta."

"Mama, amevuta."

Kati yao palikuwa na urefu wa kafi moja. Tabitha, aliyekaa mbele yangu, alikuwa anatikisika, na sikujua ni kwa maumivu au kwa kicheko mpaka aliposema, "Kaka, sasa unajua mshahara wangu."

Kisha tukatoka kwenye matete na bwawa likafunguka. Upepo ulikuja wote kwa pamoja. Mawimbi ya pale si ya bahari, ni mafupi na ya karibukaribu, yanakupiga kabla hujamaliza kulalamikia lililopita. Nikapaza sauti waelekeze pua ya mtumbwi kwenye upepo na wasiache kupiga. Tukatenganishwa. Nikaona kanga ya mama inapepea, na mbele yake, chini kidogo ya maji, weusi wa kisiki. Mama alikiona. Akageuza kichwa kunitafuta, nilikuwa mbali. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akainama, akaupiga mtumbwi kwa kiganja.

"Wewe mtumbwi! Kuna kisiki! Kulia!"

Mtumbwi, kwa kawaida yake, haukujibu. Yona ndiye aliyechukua muda mfupi kuelewa. Kisha akavuta, kisiki kikapita kushoto, na nikamsikia akiiambia sakafu ya plastiki, "Sawa, mtumbwi."

"Mungu wangu," akasema Tabitha. "Mama anaongea na plastiki."

Wakaendelea hivyo. Mtumbwi kushoto. Mtumbwi kaza. Mtumbwi umelala? Wakawa wanapiga kafi pamoja, vizuri kuliko wengi niliowahi kuwafundisha, na nikaanza kusogea kwao. Nilikuwa nimefika mahali pa kusikia kila neno mama aliposema, bila kuacha kupiga:

"Na wewe mtumbwi, nasikia una mpango wa kwenda Kigoma."

Kafi la Yona likasimama kidogo. "Si mpango, mtumbwi," akasema. "Nimeshahamishwa. Ninaripoti mwezi ujao."

Tabitha aliacha kucheka. Mama akaliweka kafi mapajani.

Hilo ndilo jambo ambalo halifanywi katikati ya mawimbi. Yona alibaki anapiga peke yake, na kama kule kwenye mchanga, mtumbwi ukaanza kuzunguka. Ukaugeuzia upepo ubavu. Wimbi la kwanza likaingia, la pili likaingia. Nikapiga kelele, "Piga kafi, Mama! Pua kwenye upepo!" Sikuweza kuwagusa, mitumbwi miwili ikigongana pale yote inapinduka. Tabitha alikuwa anaita, "Mama! Mama!" Mama hakugeuka.

"Mtumbwi," akasema, na hakupaza sauti, ila upepo ulikuwa unatuletea sisi, "kwetu kulikuwa hapa. Chini ya maji haya. Nilikuwa msichana. Walikuja wakatuambia hameni, bwawa linakuja. Tukabeba vyungu. Hakuna aliyeniuliza. Nimezeeka, nina mjukuu, na bado naambiwa mwezi ujao."

Kwa mama mtumbwi ulikuwa ni mkwe, na kwa mkwe mtumbwi ulikuwa ni mama. Mimi nilikuwa nahesabu maji yaliyoingia.

Yona naye akaacha kupiga. Ningemtukana kama pumzi isingekuwa na kazi nyingine. Akaliweka kafi, akainama hadi kichwa kikawa karibu na magoti, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa wakubwa.

"Mtumbwi, hukuulizwa kwa sababu niliogopa," akasema. "Sasa nauliza. Naomba niende na Tabitha na mtoto. Ukikataa sitakwenda nao. Nitakwenda peke yangu, wao watabaki kwa bibi yao, na sitanung'unika. Nimemaliza."

Wimbi jingine likaingia. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vyao. Mama akachukua lile kopo la dumu, akalitazama, akalirusha nyuma kupitia begani bila kugeuka.

"Mtumbwi umejaa maji," akasema. "Chota."

Kisha akaingiza kafi. Alipiga peke yake, upande mmoja, mrefu na wa chini, mpaka pua ikarudi kwenye upepo. Sijawahi kumfundisha mtu kupiga vile. Yona alichota kama mwendawazimu, kisha akashika kafi lake, na tukaenda hivyo hadi ufukoni kwa wavuvi, hakuna aliyesema neno, si mtu wala mtumbwi.

Mama alishuka wa kwanza. Nilitegemea aende zake. Akaishika pua ya mtumbwi, akaivuta mchangani Yona akiwa bado ndani, akaiegemea akihema.

"Mtumbwi," akasema, anatazama majini, "wachukue. Lakini kila mvua zikiisha wawe wanakuja hapa niwaone. Na siku nyingine uulize mapema, siyo mpaka tuzame."

Akaenda kukamua kanga zake kwa wanawake wanaokausha samaki. Yona alibaki amekaa ndani ya mtumbwi nchi kavu, mikono mapajani, mpaka mkwe wake alipofika umbali wa heshima. Tabitha akaniomba nimsaidie kushuka. Alikuwa analia, na akaniambia ni mkono.

Walikuja mvua zilipoisha, na zilipoisha tena. Nilikuwa nawapa mtumbwi wa njano, mama mbele, Yona nyuma, na nilikaa mbali makusudi. Mabishano yao yalihusu chandarua, shule ya mtoto, dagaa wa Kigoma kama ni samaki kweli. Yote uliambiwa mtumbwi. Tabitha aliniambia kwamba nyumbani hawajabadilika hata kidogo. Gari bado linakuwa katikati. Na yeye ameacha kazi ya posta.

Mwaka huu hawakuja. Tabitha alijifungua mtoto wa pili huko na safari ikawa nzito. Nilikuwa kwenye wiki yangu ya mwisho, bega limefungwa kitambaa, nawafundisha ninyi pale bwawani mahali pa kufunga kamba, mama aliposhuka kwenye basi la Buigiri peke yake. Hakutaka kwenda majini. Aliuliza tu kama ule wa njano upo.

Ulikuwa umelala mchangani, umepauka, una ufa ubavuni ambao tuliuziba kwa plastiki ya kuyeyusha. Akaingia, akakaa kiti cha mbele, akaweka mikoba yake miguuni, akatazama bwawa.

"Mtumbwi," akasema, "mmenyamaza sana huko."

Nikatoa simu, nikampigia Yona. Alikuwa shuleni, nilisikia watoto.

"Mkwe wako amekaa mbele," nikamwambia. "Wewe kaa nyuma."

Hakuuliza maswali. Nikasikia mlango ukifungwa na watoto wakiishia mbali. Nikaongeza sauti ya simu, nikailaza kwenye kiti cha nyuma, nikaenda kwenye kamba zangu. Kamba zenyewe zilikuwa zimeshafungwa, kwa hiyo nikazifungua ili nipate kuzifunga.

"Shikamoo, mtumbwi," ikasema sauti nyuma yake.

Mama hakugeuka, wala hakusimama. Alijinyoosha tu mgongo, kama inavyotakiwa mtu akiwa majini.

"Marahaba," akasema. "Haya, nieleze. Mtoto anafanana na nani?"